Kisu cha Mkono wa Kushoto

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Mume wangu Mikidadi anasema nilizaliwa jikoni, na mimi humjibu kwamba ndiyo maana yeye anakula kilichoiva. Kwa hiyo Alhamisi ile nilipoingia dukani kwa Mansuri, ubavuni mwa Soko Kuu, jasho linanitoka, mtoto mgongoni, uso nimeukunja kwa jua, nikagonga meza na kusema, "Nitolee visu vyote vinavyofyatuka," msimlaumu yule kaka kwa kurudi nyuma.

"Vya springi?" akauliza.

"Vya springi. Unabonyeza, kinatoka chenyewe. Unavyo au nipite?"

"Ninavyo, dada yangu. Ila... ni kwa kazi gani?"

"Kuchinja."

Mansuri akamtazama dada mmoja aliyekuwa anachagua betri za tochi pembeni, na yule dada akamtazama Mansuri. Namfahamu huyo, anaitwa Happiness, ana saluni mtaani kwetu Bigwa, na mdomo wake haupumziki hata msibani. Kufumba na kufumbua hayupo, betri kaziacha pale pale juu ya meza.

"Kuchinja nani, dada?" akauliza Mansuri kwa sauti ya kubembeleza.

"Mbuzi! We vipi? Mbuzi wa akika ya huyu hapa." Nikageuka aone kichwa cha Faraja kinachungulia kwenye kanga. "Lete visu, bwana."

Sasa ngoja niwaambie kwa nini mwanamke mzima, muuza stroberi za Mgeta, nilikuwa nataka kisu cha kufyatuka kuliko nilivyowahi kutaka gauni.

Ni kwa ajili ya mjomba wangu, Mzee Hafidhi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye sauti. Baba anaheshimiwa sana tu, lakini anayeulizwa ni mjomba. Mimi mama yangu alifariki ningali mdogo, Mjomba akanichukua, akanisomesha, akaniozesha. Nimepewa jina la mama yake, Mwanvita, kwa hiyo tangu utoto ananiita Mama. Mzee na ndevu zake nyeupe ananiita Mama mbele za watu, nami naitika bila wasiwasi.

Na Bigwa yote, ukitaja kuchinja umemtaja yeye. Asubuhi za sikukuu ungekuta akina mama wamejaa mlangoni kwake, kila mmoja na jogoo kwapani, kwa sababu mtaani kwetu wanawake hawachinji na waume zao nusu wanaogopa damu. Harusi, hitima, akika, Idi, ni Mzee Hafidhi. Alikuwa na sharti moja tu ambalo hakulivunja hata kwa kifaranga: mnyama asione kisu. Kisu kinakaa ndani ya ala, ala ndani ya kanzu. Mkono wa kushoto unashika kichwa kwa upole, wa kulia unachomoa, Bismillahi, kwisha. Alikuwa anasema kumwonesha mnyama kisu ni kumwua mara mbili, na hilo yeye hawezi kwenda kulijibu kwa Mungu.

Mwaka jana kiharusi kikampiga. Mungu mkubwa, mdomo ulirudi, mguu ukarudi, lakini mkono wa kulia ulilala na haukuamka tena. Ilipofika Idi akajaribu kuchinja kwa kushoto. Jogoo ameshikwa vizuri kabisa. Mjomba akavuta kisu, kikaja na ala yake. Akavuta tena, ala imeng'ang'ania. Akaishika ala kwa meno. Jogoo naye anatazama sinema yote ile, akaona sasa basi, akaruka, akapita juu ya vichwa vya watu hadi paa la jirani. Watu wakacheka. Si kwa ubaya, yule jogoo alichekesha kweli. Lakini Mjomba hakucheka. Alirudi nyumbani akakitundika kisu msumarini.

Nikamwambia, Mjomba, tutakushikia, tutakupa kikiwa tayari kimefunguliwa. Akanijibu, "Mchinjaji hapewi kisu kama mtoto anayepewa kijiko." Basi, ikaishia hapo. Tangu siku hiyo akina mama na jogoo wao wanapita mlangoni kwake bila kusimama, wanakwenda kwa kijana mmoja anaitwa Abdulswamad, mtaa wa juu. Na Mjomba yupo kibarazani, anawasikia jogoo wanapita. Hilo lilikuwa linaniuma jamani, linaniuma mpaka usingizini.

Halafu mimi nikapata mtoto. Mtoto niliyemngoja mpaka watu wakachoka kuniuliza. Nikaapa: mbuzi wa Faraja hachinjwi na mkono mwingine ila wa Mjomba. Nitafanyaje, sijui, lakini nimeapa. Ndipo siku moja nikiwa sokoni nikamwona mpakizi wa ndizi kutoka Kinole amening'inia juu ya lori, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine ukaingia mfukoni, ukatoka na kitu kimefumbatwa. Tak! Bapa limechomoza, kamba imekatika, mkungu umeshuka. Mkono mmoja! Na kabla hajabonyeza, hakuna aliyejua kama ana kisu. Nilipiga kelele pale pale sokoni, watu wakadhani nimeibiwa.

Basi turudi dukani. Mansuri akavipanga visu juu ya kioo cha meza, na mimi nikaanza kuchagua. Raha niliyoisikia, mwenzangu, we acha tu. Cha kwanza kina picha ya joka na rangi zote za duniani. Nikabonyeza, bapa likatoka, nikalitikisa kwa ncha: linacheza. Nikamwambia Mansuri, hiki kakatie mkate. Cha pili kirefu, chembamba, cha kihuni kabisa, ukikutwa nacho stendi utaeleza mpaka jioni. Cha tatu cha kuning'iniza kwenye funguo, hicho labda uchinje panzi. Cha nne nilipokiinua sikukiweka chini.

Kilikuwa cheusi, mpini wa raba, kizito kiasi, bapa lake refu la kutosha shingo ya mbuzi. Nikabonyeza. Tak! Faraja akacheka huko mgongoni. Nikakikunja, nikabonyeza tena. Tak! Mtoto akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Nikalitikisa bapa, limetulia. Nikajaribu makali kwenye malaika ya mkono wangu, yakaondoka kama yamepulizwa. Kina kiloki kidogo kisije kikafyatukia mfukoni. Nikabonyeza tena na tena, Mansuri akaanza kuniomba nimhurumie springi wake. Tukavutana bei, nikakasirika kidogo, akapunguza kidogo, nikalipa. Akakiweka juu ya meza nami nikakichukua hapo, maana kwetu kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono, kinaleta ugomvi. Mjomba analishika sana jambo hilo.

Nilirudi Bigwa naimba. Nafika nyumbani, namkuta Mikidadi amesimama nje ya mlango. Mikidadi ni fundi bomba, siku hizo alikuwa na kazi Mzumbe, na saa zile alitakiwa awe huko huko chini ya sinki la mtu. Lakini yupo, ameshika mfuko wa mishikaki na soda yangu ninayoipenda, na ananitazama mikono.

"Shikamoo, Mama Faraja," akasema.

Mume wangu ananiamkia mimi! Nikajua hapa pana jambo.

"Unaumwa?" nikamwuliza.

"Mke wangu, nimepigiwa simu. Kiweke chini hicho kisu, tuongee kistaarabu. Kama ni habari ya Abdulswamad, haki ya Mungu nilitaka kukwambia mwenyewe."

"Habari gani ya Abdulswamad?"

Hapo akagundua kwamba nilikuwa sijui kitu, na uso wake ulivyobadilika ningekuwa na nafasi ningecheka. Lakini alishaanza, ikabidi amalize. Kumbe bwana huyu amekwenda kimya kimya kwa Abdulswamad, amemwambia aje Jumamosi amchinje mbuzi wetu. Amemwambia na wiki nzima imepita, na kila siku tunakula pamoja!

Sitasimulia yote niliyoyasema. Yule mbuzi mwenyewe, aliyeletwa na shemeji kutoka Dakawa na kufungwa kwenye mpera uani, aliacha kutafuna. Nilipomaliza pumzi, Mikidadi akasema polepole, "Mama Faraja, nyumba itajaa watu. Mbuzi si jogoo. Kisu kikimkwamia tena mbele za watu wote wale, atatoka wapi tena nje? Mimi nampenda yule mzee. Ndiye aliyenipa wewe." Na mimi nikalia, kwa hasira na kwa sababu lilikuwa ni kweli.

"Tazama basi," nikamwambia, nikabonyeza. Tak!

Mikidadi akaruka, halafu akasogea, macho yakamtoka. Akakitazama juu, akakitazama chini. "Kwa mkono mmoja?"

"Kwa mkono mmoja. Kinakaa ndani ya kiganja, mnyama haoni kitu."

Akafikiri. Kuhusu mkono wa kushoto alikwisha kuuliza msikitini, wakamwambia mwenye udhuru hana lawama. Tukakubaliana hivi: Mjomba akikifungua mwenyewe kabla ya Jumamosi, Abdulswamad atakuja kula pilau tu. Akishindwa, Abdulswamad atachinja, na mimi nitafunga mdomo wangu. Nilikubali haraka kwa sababu sikuona atashindwaje.

Jioni hiyo hiyo tukaenda kwa Mjomba, nyumba ya pili tu kutoka kwetu. Alikuwa kibarazani, anautazama mlima unavyojifunika mawingu, mkono wa kulia umelala mapajani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Mama. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo, na amekuletea zawadi." Nikakiweka kisu juu ya mkeka mbele yake. Nikamweleza yote kwa mkupuo mmoja, mpakizi wa ndizi, springi, kiloki, kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakiokota kwa mkono wa kushoto, na nikaona macho yake yamewaka, yale macho yake ya zamani ya asubuhi ya Idi. Akakifumbata. Dole gumba likatafuta kitufe.

Kitufe hakipo.

Kilikuwepo, lakini upande wa pili. Kisu kile kilitengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia: ukikishika kwa kulia, dole gumba linaangukia juu ya kitufe. Ukikishika kwa kushoto, dole gumba linakanyaga raba tupu, kitufe kinajificha chini ya vidole vinavyobana mpini. Mjomba akajaribu kukibonyeza kwa kidole cha kati. Kikafyatuka nusu, kikamgonga vidole, kikamponyoka na kuanguka kwenye mkeka. Tone moja la damu likatoka kidoleni. Hakuna aliyecheka safari hii, na afadhali wangecheka.

"Rudisha dukani, Mama," akasema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. "Huyo kijana aje achinje. Mimi nitakula pilau kama wenzangu."

Nilirudi nyumbani nimevimba. Mikidadi hakusema "nilikwambia", angesema sijui leo ningekuwa na mume gani. Nilijikasirikia mwenyewe. Dukani nilibonyeza mpaka springi akaombewa huruma, na mara zote ni kwa mkono huu wangu wa kulia! Niliununulia mkono wangu kisu, mkono wa Mjomba sikuufikiria kabisa. Mpumbavu mimi, na kelele zangu zote.

Asubuhi Ijumaa nikamwita Mikidadi. "Chukua mtandio huu, nifunge mkono wa kulia kiunoni. Kaza."

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka kwenda kununua kisu. Kaza, nimesema."

Akakaza. Akanifunga na mtoto mgongoni, maana peke yangu nisingeweza, na hapo tu nilianza kuelewa siku za Mjomba zinavyokwenda. Njiani kila mtu ananiuliza. "Mama Faraja, umevunjika?" "Nimevunjika moyo, nipishe!" Happiness alisimama mlangoni kwa saluni yake na kitana mkononi, akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani ni mara ya kwanza.

Mansuri aliponiona akaonesha kidole ukutani, pale alipoandika kwa rangi nyekundu kwamba mali ikiuzwa hairudi.

"Najua kusoma," nikamwambia. "Nibadilishie."

"Dada, kisu kizima kile, kina kosa gani?"

"Kosa ni langu. Nibadilishie."

"Sasa kosa lako na mimi linanihusu nini?"

Nikapandisha sauti. Naye akapandisha. Watu wakaanza kujaa, mwenye gunia, mwenye ndoo, mwenye kuku, na mimi mkono mmoja umefungwa, mwingine unapiga meza, mtoto mgongoni anashangilia. Mmoja akasema, "Mama, huyo mume kakufunga mkono mmoja tu? Angefunga na mdomo." Wakacheka wote, na mimi badala ya kumrukia nikajikuta natokwa na machozi. Nikawaambia. Mjomba wangu mkono umelala. Kesho ndiyo akika. Kisu hiki hakimtaki.

"Mjomba wako nani?" akauliza Mansuri.

"Mzee Hafidhi wa Bigwa."

Mansuri akaacha kubishana. "Mzee Hafidhi mchinjaji? Yule ndiye aliyechinja kwenye harusi yangu. Yule mbuzi alikuwa bado anatafuna jani!" Akajishika kichwa. "Dada, jana si ungesema?"

Akapanda kwenye kigoda, akafungua kabati la juu kabisa, akashusha boksi lina vumbi la miaka. Ndani mna visu vya marehemu baba yake, mali ambayo haikutoka kwa sababu ni nzito na haina picha ya joka. Akavipanga, nami nikaanza upya, kwa kushoto. Hiki kitufe upande mbaya. Hiki springi mlegevu. Hiki kinatoka vizuri lakini mpini unateleza. Kila nikifungua nakiweka mezani, Mansuri anakikunja, ananiwekea kingine. Watu nao hawaondoki, wamekuwa waamuzi. "Hicho hapana!" "Mwache ajaribu cha mbao!"

Cha mbao kilikuwa na mpini wa mti mweusi uliolainika, na kitufe chake kimepita shingoni mwa mpini kutoka ubavu hadi ubavu, ukibonyeza huku sawa, ukibonyeza kule sawa. Nikakifumbata kwa kushoto. Dole gumba langu, ambalo maisha yake yote halijafanya kazi ya maana, likaanguka juu ya kitufe bila kutafuta.

TAK!

Soko lilipiga kelele! Yule mwenye kuku akaachia kuku. Mansuri akakikunja, nikabonyeza tena. Tak! Akakikunja, tena. Tak! Faraja anacheka, mimi nacheka na kamasi zangu, Mansuri anacheka, na yule aliyesema nifungwe mdomo ananipigia makofi. Nikalitikisa bapa, halina hata chembe ya kucheza. Mansuri akakinoa yeye mwenyewe kwenye kinoo chake mpaka kikawa kinanyoa, na alipokiweka mezani akasema hataki nyongeza yoyote, ila aletewe pilau.

Sikumbuki nilivyofika Bigwa. Nakumbuka tu nimesimama kibarazani kwa Mjomba, mkono bado umefungwa, nimekiweka kisu kwenye mkeka, na yeye anaukodolea macho ule mtandio kiunoni.

"Umefanya nini, Mama?"

"Nilikwenda nikiwa wewe," nikamwambia. "Kishike."

Alisita. Mikidadi amesimama nyuma yangu. Mjomba akakiokota, akakifumbata, akafumba macho. Tak! Bapa likasimama mbele yake linang'aa, na yule mzee akafungua macho akacheka kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. "Allahu Akbar!" akasema. "Allahu Akbar! Nikifungue tena!" Mikidadi akanifungua mkono, mimi nikakirukia kisu pale mkekani, nikakikunja, nikakiweka. Tak! Nikakikunja, nikakiweka. Tak! Tulikuwa kama watoto. Niligundua tu kwamba kila ninapokunja, Mjomba anaacha kucheka kidogo, anaitazama mikono yangu. Sikulitilia maanani. Mikidadi alishatoa simu, anamwambia Abdulswamad, "Ustadhi, kesho njoo na tumbo tu."

Jumamosi watu walijaa uani mpaka nje. Mansuri alikuja na kanzu mpya, Happiness alikuja kabla ya wote na akasonga mbele aone. Mbuzi wa Dakawa akalazwa kuelekea Kibla, Mikidadi ameshika miguu, Abdulswamad, kijana mwenye adabu kumbe, ameshika kichwa. Mimi nimesimama mlangoni kwa jiko pamoja na akina mama, Faraja kifuani. Nikasikia nyuma yangu mtu ananong'ona, "Ataweza kweli?"

Mjomba akatoka na kanzu nyeupe na kofia. Mkono wa kushoto umefumbatwa, hauna kitu ukiutazama. Akachuchumaa. Akampapasa mbuzi shingoni kwa nyuma ya vidole, akamsemesha Kiluguru taratibu kama anavyomsemesha Faraja. Nilikuwa nangoja kusikia tak. Sikuisikia, maana alikibonyezea ndani ya mkunjo wa kanzu na sauti yake ikaifunika: akamtaja mtoto wangu kwa jina lake na jina la baba yake, Bismillahi, Allahu Akbar, mkono ukapita mara moja, kwisha. Mbuzi hakulia. Wallahi hakulia.

Tulipiga vigelegele mpaka Faraja akaanza kulia yeye. Watu wanamshika Mjomba mabega, Mansuri anamwambia kila mtu kwamba kile ni kisu cha marehemu baba yake. Kisha kelele zikapungua, nikaona Mjomba bado amesimama pale pale. Mkono wa kushoto umeinuka, kisu kiko wazi, kina damu. Haendi popote.

Ndipo ikanijia. Kukifungua ni mkono mmoja. Kukikunja ni mikono miwili, lazima ubonyeze huku urudishe bapa huku. Tulivyokuwa tunafurahi mimi na soko zima, hakuna aliyewaza. Dukani alikunja Mansuri, nyumbani nilikunja mimi.

Mikidadi akaliona naye, akanyoosha mkono akichukue. Mjomba akarudi nyuma, uso umekaza. Happiness mwenyewe akanyamaza. Mjomba akapeleka macho juu ya vichwa vya wanaume hadi mlangoni kwa jiko.

"Mama," akaita.

Nikampa mtoto mtu, sijui nani, nikapita katikati ya wanaume. Mjomba akainama, akakilaza kisu juu ya jani la mgomba. Nikakiokota, nikakiosha, nikakifuta kwa kanga yangu, nikakikunja kwa mikono yangu miwili, nikakilaza tena juu ya jani. Akakichukua, akakitia mfukoni, akajinyoosha. Watu wakaendelea na kazi zao, wa kuchuna akachuna, wa kuni akaenda kwenye kuni.

"Ulijua?" nikamnong'oneza.

"Tangu jana."

"Sasa mbona hukusema, Mjomba? Ningekwenda kubadilisha tena! Ningekwenda hata usiku!"

"Najua ungekwenda." Alikuwa anatazama chini, kwenye lile jani. "Nilikuwa najipima kama nitaweza kukuita."



Jumapili asubuhi nilikuwa uani namwogesha Faraja kwenye beseni. Nikamsikia jogoo anapita njiani analalamika, kama kawaida, anaelekea mtaa wa juu. Halafu nikasikia analalamika mahali pamoja. Hapiti. Nikaacha kumwagia mtoto maji, nikasikiliza. Sauti ya mwanamke ikabisha hodi kwa Mjomba, ikauliza kama mzee yupo. Kiti kikasukumwa kibarazani.

"Mama!" Mjomba akaita kutoka kule, kwa sauti iliyojaa mtaa mzima. "Acha hiyo kazi, njoo haraka. Tumeitwa!"

Nikamfunga Faraja mgongoni na povu lake, nikakimbia.